Muulize Sajini: "VA Wanasema TB Aliipatia Kisumu"

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji waliotumikia jeshi la Marekani, na jamaa zao, kuhusu fidia ya ulemavu kutoka VA, idara ya Marekani inayoshughulikia wanajeshi wastaafu. Anayejibu ni sajini mstaafu wa jeshi hilo aliyekuwa karani wa rekodi za askari, na sasa anafuga ng'ombe Lanet, Nakuru. Majina ya wanaouliza hayachapishwi.

SWALI: Sajini, salamu kutoka Mamboleo, Kisumu. Mume wangu alishinda bahati nasibu ya viza, akaenda Marekani na mwaka 2010 akajiunga na jeshi. Alitumwa Afghanistan 2012, akarudi 2013. Aliachiwa kwa heshima Agosti 2019, na kabla mwaka haujaisha tukawa tumerudi nyumbani. Machi 2021 alianza kukohoa, jasho la usiku likamlowesha mpaka godoro, suruali zikawa zinamvuka. Ilikuwa wakati wa Korona, kwa hiyo majirani walituhama mapema. Makohozi yalipopimwa tukaambiwa ni TB. Alimeza dawa miezi sita akamaliza. Mimi na watoto wawili tulipimwa, hatukuwa nayo.

TB iliisha lakini pumzi haikurudi. Akibeba mtungi wa maji lita ishirini kutoka bombani anaketi mara mbili njiani. Daktari wa kifua alimpulizisha kwenye mashine, akasema mapafu yana makovu na kipimo kinachoitwa FVC, cha hewa yote anayoweza kuipuliza nje kwa nguvu, ni asilimia 68 ya kinachotarajiwa. Februari 2023 tuliomba fidia VA, tukaambatisha barua ya daktari inayosema alitibiwa TB. Barua ya kukataa ina tarehe 14 Januari 2025 ingawa ilitufikia posta mwezi Machi. Wanasema hivi: rekodi za jeshi hazina TB, kipimo cha ngozi cha 2013 kilichoonyesha ana vijidudu si ugonjwa, na TB ilimpata Kenya, nchi yenye TB nyingi. Kwenye rekodi zake za jeshi nimeona kipimo hicho hicho cha 2010 kilikuwa hasi, na baada ya kile cha 2013 alipigwa picha ya kifua ikawa safi, akapewa tembe za isoniazidi, dawa ya kuzuia vijidudu visiamke. Mume wangu amekata tamaa, anasema wazungu wameshaamua. Tufanyeje? Na je, watalipa ile miezi sita ya TB?
– Mama Wawili

JIBU: Shemeji, chukua kalenda. Aliachiwa Agosti 2019. TB ilijitokeza Machi 2021. Hapo katikati haijafika miaka miwili, na kesi yenu yote imesimama juu ya hesabu hiyo.

Sheria ya Marekani ina orodha ya magonjwa sugu ambayo yakijitokeza ndani ya muda fulani baada ya askari kuvua sare, huchukuliwa kwamba yalianzia jeshini hata kama faili ya jeshi haina neno lolote. Mengi ya magonjwa hayo yamepewa mwaka mmoja. TB hai imepewa miaka mitatu, sawa na ukoma. Utaikuta kanuni hiyo katika juzuu ya 38 ya kanuni za serikali yao, vifungu 3.307 na 3.309. Masharti yake ni mawili: askari awe alitumikia siku 90 au zaidi mfululizo, na ugonjwa uwe ulifikia angalau kiwango cha asilimia 10 ndani ya miaka hiyo mitatu. TB hai ya mapafu hupewa asilimia 100, kwa hiyo sharti la pili halina ubishi. La kwanza mumeo alilipita miaka mingi iliyopita.

Sasa rudi kwenye sababu ya kwanza ya VA. Wanasema rekodi za jeshi hazina TB. Sawa, hazina. Kanuni ya miaka mitatu iliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye rekodi zake hazina. Angekuwa aliugua akiwa kambini asingeihitaji. Yeyote anayeijua TB anajua vijidudu vyake hulala mwilini miezi, hata miaka, kabla ya kuamka.

Sababu ya pili ni ya kweli, ila imesemwa nusu. Kipimo cha ngozi kikiwa chanya, kwa VA hayo ni matokeo ya maabara tu. Hakilipwi hata senti. Kila mwaka kuna askari wanaopeleka dai wakiwa na kipimo hicho peke yake, hawakohoi, picha ya kifua safi, na wanakataliwa. Mimi ningekuwa kwenye kiti kile ningewakataa pia. Lakini mumeo hadai kulipwa kipimo. Anadai kulipwa mapafu yenye makovu, na kipimo ni shahidi wa siku ambayo vijidudu viliingia. Mwaka 2010 hasi. Mwaka 2013, baada ya Afghanistan, chanya, na daktari wa jeshi akaona ampe isoniazidi. Jeshi lenyewe ndilo liliandika. Mtu anaweza kuja na hoja ya chanjo ya BCG, ile tunayochanjwa watoto wa Kenya tukizaliwa, kwa sababu ni kweli inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kidanganye. Mjibu kwamba chanjo ya utotoni ilikuwa mwilini mwaka 2010 pia, na kipimo kikatoka hasi.

Sababu ya tatu ndiyo inayomuumiza mumeo, na sishangai. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, hilo halifichiki. Lakini kanuni ya miaka mitatu haivunjwi kwa sifa ya nchi. VA wanaruhusiwa kuipinga, ndiyo, ila wawe na ushahidi unaomhusu mtu huyu: kwamba baada ya kuachiwa alipatwa na jambo jingine ambalo, kwa mantiki ya kitabibu, ndilo lililomletea ugonjwa. Kwa mfano, kaka aliyelala naye chumba kimoja akikohoa damu. Kusema anaishi Kisumu, na Kisumu kuna TB, ni kukisia.

Hapo ndipo nilipopigia mstari sentensi uliyoiandika kama ya kupita: "Mimi na watoto wawili tulipimwa, hatukuwa nayo." Mgonjwa wa TB akiandikishwa, kliniki zetu hutakiwa kuwachunguza watu anaoishi nao, na jambo hilo huandikwa. Ukurasa huo unasema kwamba nyumba aliyoishi tangu arudi haikuwa na mgonjwa mwingine. Uutafute kwa bidii ile ile utakayotumia kutafuta matokeo yake mwenyewe.

Kwa nini basi mlikataliwa? Kwa sababu ya mlichotuma. Mlituma barua ya daktari inayosema alitibiwa. Kuna kifungu kingine, 3.374, ambacho ni wachache wanaokisoma: TB iliyogunduliwa na daktari wa nje ya jeshi baada ya askari kuachiwa haikubaliwi kwa neno la daktari peke yake. Ni lazima ithibitishwe na maabara, picha ya eksirei au uchunguzi wa kitabibu unaokubalika, au na rekodi za hospitali iliyomlaza au kumtibu. Daktari wenu anaweza kuwa bingwa wa kifua Nyanza nzima na barua yake ikabaki haitoshi.

Kwa hiyo usianzie kwa daktari. Anzia kwenye rejista. Nenda kwenye kituo alichotibiwa, ulizia kliniki ya kifua, na uombe vitu hivi: nakala ya matokeo ya makohozi yenye tarehe, iwe ya mashine ya GeneXpert au ya hadubini, nakala ya mstari wake katika rejista ya TB, unaoonyesha siku aliyoanza dawa na matokeo ya mwisho wa matibabu, kadi yake ya matibabu kama bado ipo, na eksirei zote, picha zenyewe pamoja na ripoti. Wakikwambia rejista ya 2021 imefungiwa stoo, usirudi nyumbani. Wagonjwa wa TB nchini huingizwa pia katika mfumo wa kompyuta unaoitwa TIBU, na mratibu wa TB wa kaunti ndogo anaweza kuwatafutia. Mume aende mwenyewe na kitambulisho, au akupe barua aliyotia sahihi, kwa sababu rekodi ni zake. Omba kila nakala igongwe muhuri na iandikwe jina na cheo cha aliyeitoa. Nimekuwa karani maisha yangu ya kazi, nakuhakikishia muhuri wa zambarau wa hospitali ya kaunti unaheshimiwa kuliko mnavyodhani. Tena rekodi zetu huandikwa kwa Kiingereza, hamtahitaji mtafsiri.

Neno la pembeni, na nisamehe kwa kulisema gazetini. Kadi na rejista ya TB huwa na sehemu ya kipimo cha Ukimwi, kwa sababu kila mgonjwa wa TB hushauriwa kupima. Kuna watu huona haya wakapaka wino mweupe juu ya sehemu hiyo kabla ya kutuma, bila kujali jibu lilikuwa lipi. Usifanye hivyo. Karatasi iliyofutwa humfanya msomaji ajiulize ni nini kingine kimefutwa.

Mkiwa na hizo ndipo mwende kwa daktari. Msimwombe barua ya huruma. Asome rekodi za jeshi za 2010 na 2013 na za kliniki za 2021, aandike kwamba amezisoma, kisha atoe maoni yake juu ya mambo mawili: kama TB ya 2021 ina uwezekano wa nusu kwa nusu au zaidi kwamba ni ile ile iliyoingia akiwa jeshini ikaamka baadaye, na kama makovu ya leo ni matokeo ya TB hiyo. Aeleze sababu. Maoni yasiyo na sababu hupewa uzito mdogo. Na akiona ni nusu kwa nusu, aandike hivyo hivyo bila kuogopa, maana sheria yao inasema ushahidi ukilingana pande zote mbili, askari ndiye anayeshinda. Hakuna anayewadai uhakika.

Njia za rufaa tangu Februari 2019 ni tatu. Ya kwanza ni dai la nyongeza, fomu 20-0995, ambalo linahitaji ushahidi mpya unaohusika. Ya pili ni mapitio ya afisa wa ngazi ya juu, fomu 20-0996, ambako huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa ya Wanajeshi Wastaafu, fomu 10182, mbele ya jaji. Wapo watakaokushauri mwende moja kwa moja kwa Bodi kwa sababu jina lake ni kubwa. Mimi nasema dai la nyongeza. Kilichowaangusha ni karatasi iliyokosekana, na njia hii ndiyo ya kupeleka karatasi, tena huwa ya haraka kuliko foleni ya Bodi. Mkikataliwa tena, milango yote mitatu itakuwa wazi. Katika maelezo taja kifungu cha miaka mitatu kwa namba yake, na tarehe mbili: ya kuachiwa kama ilivyo kwenye DD 214, ile hati ya kuachiwa jeshini, na ya matokeo ya makohozi. Usiandike kurasa sita za masikitiko. Anayesoma ana mafaili mengine mezani.

Mwaka mmoja wa rufaa huhesabiwa kuanzia tarehe iliyo juu ya barua. Posta kuchelewa hakuwaongezei siku. Kwenu mwisho ni tarehe 14 Januari 2026. Mkiupita mnaweza bado kuleta dai la nyongeza, lakini mtapoteza tarehe ya Februari 2023, na tarehe ndiyo pesa. Pakieni kwenye tovuti ya VA na mhifadhi ukurasa wa kuthibitisha.

Kuna mlango mwingine ambao sijaona kama mmeugusa. Mumeo alikuwa Afghanistan. Tarehe 10 Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria iitwayo PACT kwa askari waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka na vumbi la huko. Afghanistan imo kuanzia Septemba 2001, pamoja na nchi kama Djibouti na Yemen. Iraki, Kuwait na Somalia zimo tangu Agosti 1990. Aliyetumikia huko akipata ugonjwa ulio katika orodha hatakiwi kuthibitisha kwamba moshi ndio uliomletea. TB haimo. Lakini makovu ya mapafu, yale ambayo madaktari huyaita fibrosisi, yamo. Mkamba sugu umo. Pumu iliyogunduliwa baada ya jeshi imo. Angalia fomu ya 2023 mliandika ugonjwa gani. Kama ni TB peke yake, wekeni dai jipya la fibrosisi kwa fomu 21-526EZ, sambamba na rufaa. VA wanaweza kujibu kwamba makovu haya ni ya TB na wala si ya moshi. Wakisema hivyo kwenye faili moja, wamewasaidia kwenye faili la pili. Hatalipwa mara mbili kwa mapafu yale yale, hilo lisahauni. Nia ni kwamba mlango mmoja ukifungwa, mwingine uwe umebaki.

Kuhusu pesa. Miezi sita ya TB ingelipwa kwa asilimia 100 kama dai lingekuwa mezani wakati anameza dawa. Mlidai Februari 2023, TB ikiwa imeshatulia, na malipo hayarudi nyuma ya siku dai lilipopokelewa, isipokuwa kwa anayedai ndani ya mwaka wa kwanza tangu aachiwe. Hiyo imekwenda. Wewe unayesoma hii na bado uko kwenye dawa, peleka leo fomu 21-0966 ya nia ya kudai. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima huku ukikusanya karatasi.

TB ikishatulia hupimwa kinachobaki. Makovu yanayobana mapafu hupangwa kwa FVC: kati ya asilimia 75 na 80 ya kinachotarajiwa ni ulemavu wa asilimia 10, kati ya 65 na 74 ni 30, kati ya 50 na 64 ni 60, chini ya 50 ni 100. Mumeo ana 68, kwa hiyo 30. Kwa viwango vya 2025 hiyo ilikuwa dola 537.42 kwa mwezi kabla ya nyongeza ya mke na watoto, ambayo huanzia hapo hapo kwenye asilimia 30. Tume cheti cha ndoa na vya kuzaliwa mapema. Kuishi Kenya hakupunguzi kitu. Na ugonjwa ukishakubaliwa kuwa wa jeshi, kuna mpango wao wa matibabu ya nje ya nchi, FMP, unaolipia matibabu ya ugonjwa huo hapa hapa. Jiandikisheni siku barua njema itakapofika. VA wakiagiza uchunguzi mpya, aende hata kama ni Nairobi, na apulize kwa nguvu zake zote. Kuna wanaopuliza kinyonge wakidhani watapata zaidi. Mashine huonyesha juhudi, na kipimo hutupwa.

SWALI: Sajini, naandika kutoka Kakamega. Mume wangu alikuwa Kuwait na jeshi la Marekani mwaka 2004. Baada ya kutoka jeshini alipata ugonjwa sugu wa njia ya hewa, wakamnyima, akakata rufaa kwa Bodi. Alifariki Mei 2025 kabla ya kujibiwa. Tulioana kimila, mahari ililipwa, lakini cheti cha ndoa hatukuchukua. Shemeji zangu wanasema kesi imekufa naye.
– Mjane, Lurambi

JIBU: Pole kwa msiba, mama. Kesi haijafa. Mjane anaruhusiwa kuingia katika nafasi ya marehemu na kuiendeleza rufaa pale ilipoishia, hata kuongeza ushahidi, mradi aombe ndani ya mwaka mmoja tangu kifo. Fomu ni 21P-0847. Kwako mwisho ni Mei 2026. Shemeji zako wasikutishe, wala usiwape hati za asili wakuwekee.

Ukiwa unaandika hiyo, andika pia 21P-534EZ. Hiyo ni ya malipo ya mjane mwenyewe, ambayo hutolewa kama ugonjwa wa jeshi ndio uliomuua au ulichangia. Ukiipeleka ndani ya mwaka huo huo, malipo huhesabiwa tangu mwezi wa kifo. Kuwait na ugonjwa aliokuwa nao vyote vimo katika ile sheria ya 2022 niliyomweleza Mama Wawili, kwa hiyo una pa kushika.

Sasa soma cheti cha kifo. Je, kimetaja mapafu? Vyeti vingi huishia "moyo ulisimama", na kila marehemu moyo wake umesimama. Kama ndivyo, mwombe daktari aliyemtibu aandike kilichouchosha moyo huo, akitaja miaka ya ugonjwa wa mapafu na dawa alizotumia.

Ndoa ya kimila VA huiangalia kwa sheria ya mahali mlipokuwa mkiishi mlipooana, na sheria yetu ya ndoa ya 2014 inaitambua. Waliooana kimila hutakiwa kuisajili, wengi hatufanyi. Tafuta watu wawili au zaidi walioshuhudia mahari ikitolewa, waape mbele ya wakili au hakimu, waseme tarehe, mahali, ng'ombe wangapi na nani alipokea. Ongeza barua ya chifu, vyeti vya watoto vyenye majina yenu wawili, na ile karatasi ya mazishi iliyoorodhesha familia. Kama marehemu aliwahi kukuandika kama mke katika fomu yoyote ya jeshi au ya VA, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Na kama alikuwa na mke mwingine, hata wa zamani, hata waliyeachana Marekani, sema sasa hivi na utafute hukumu ya talaka. Watauliza.

SWALI: Sajini, kuna jamaa hapa mjini Nakuru ana ofisi karibu na stendi. Anasema atanijazia dai la pumu VA na nikishinda nimpe nusu ya malimbikizo. Anataka DD 214 yangu na neno la siri la akaunti. Nimpe?
– Askari Mstaafu, Section 58

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kujaza dai la kwanza la VA hakulipishwi na mtu yeyote, iwe kabla au baada ya kushinda. Wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA anaweza kutoza ada baada ya dai kuamuliwa mara ya kwanza, katika rufaa, tena kwa mkataba ulioandikwa na kupelekwa VA. Ada ya asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki. Ikizidi theluthi moja huchukuliwa kuwa ya kupita kiasi. Nusu haimo popote.

Vyama vya wastaafu kama American Legion, DAV na VFW vina wawakilishi walioidhinishwa wanaofanya kazi hii bure, na kuwa kwako Nakuru si kizuizi, wanafanya kwa barua pepe na simu. Pumu yako usiicheleweshe: kama unatumia kila siku dawa ya kuvuta ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, hiyo peke yake ni kiwango cha asilimia 30, kwa hiyo weka risiti za duka la dawa na kitabu cha kliniki. Kuhusu jamaa wa stendi, mwulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye idhini, kisha lichape katika orodha ya mawakala iliyo wazi kwenye tovuti ya VA. Kama ulishampa neno la siri, libadilishe usiku huu, halafu ukague namba ya akaunti ya benki iliyo kwenye wasifu wako.